Sauti Iliyotolewa Mahari

Bupe aliiona alama ya utepe mwekundu kabla ya kuona kitu kingine chochote. Ilikuwa pale pale juu ya zulia, msalaba mdogo uliobandikwa mahali alipokuwa akisimama kila Jumamosi kwa miezi minne. Lakini maikrofoni yake haikuwepo. Stendi haikuwepo, wala ule waya mweusi ambao Jerotich, mpiga besi, alijikwaa nao kila wiki na kuulaani kwa lugha tatu. Alama ilikuwa imebaki peke yake kama kiti cha mgeni aliyeambiwa asije.

Alimalizia ngazi mbili za mwisho taratibu, chupa ya chai ya tangawizi ikiwa kwapani. Alikuwa ametoka mji jirani wa Columbia, kwenye kliniki anakowafundisha wazee waliovunjika nyonga kutembea upya, na njia nzima mpaka Laurel alikuwa akiimba peke yake ndani ya gari, watu wakimkodolea macho kila alipokamatwa na taa nyekundu. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau. Mwanamke havai gauni la namna ile kwenda kushinda kwenye chumba cha chini ya nyumba bila sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imeketi kwenye kiti cha mbao, gitaa mapajani, ikitazama vidole vyake.

"Habari za hapa," akasema Bupe.

"Salama," wakajibu wanamuziki wenzake watatu kwa pamoja, haraka mno.

Hapa yafaa kueleza walivyokuwa wakifanya kazi, maana bila hivyo mtu atashangaa kwa nini maikrofoni moja izue balaa. Malik, yule wa gitaa, alikuwa na imani yake kuhusu muziki wa bluzi, na imani hiyo hakuna aliyeweza kuitikisa. Alisema bluzi ikirekebishwa kwa kompyuta inakufa, na roki iliyozaliwa na bluzi inakufa nayo. Kwa hiyo albamu yao waliirekodi kama walivyorekodi wazee wake: watu wote chumba kimoja, wameketi duara, wanatazamana machoni, na kanda kubwa inazunguka kwenye mashine nzito aliyoachiwa na baba yake pamoja na nyumba hiyo. Ukikosea umekosea, na kosa lako linabaki. Malik mwenyewe alibonyeza kitufe cha mashine, kisha akatembea hatua nne hadi kwenye kiti chake, na kiti kilipopokea uzito wake kililia. Nyimbo saba zilikuwa tayari, na zote saba zilianza kwa mlio wa kiti.

Ulibaki wimbo wa nane, wa mwisho. Kanda nayo ilibaki moja, yenye nafasi ya wimbo mmoja tu. Wimbo huo ulikuwa wa Bupe, na kabla ya kuwa wa Bupe ulikuwa wa mama yake, aliyeuimba akichuma chai kule Tukuyu, mvua ikimnyeshea mgongoni. Siku Bupe alipomwimbia Malik kwa mara ya kwanza, akiegemea sinki la jikoni huku akikausha vikombe, Malik aliacha kijiko kikatumbukia ndani ya uji. Alimwambia kwamba mstari unaoimbwa mara mbili kisha ukajibiwa na wa tatu ndio uti wa mgongo wa bluzi, na kwamba mama yake alikuwa mwimbaji wa bluzi bila kulisikia neno hilo maishani. Nafikiri mapenzi yao yalianzia hapo kwenye sinki, ingawa wao wenyewe walichukua wiki sita zaidi kukubaliana kwamba yameanza.

"Maiki yangu iko wapi?" Bupe aliuliza.

Laurean, Mhaya mpole aliyepiga dramu Jumamosi na kutengeneza umeme wa majumba siku nyingine zote, alianza kufuta sahani za dramu ambazo zilikuwa safi. Jerotich akainamia gitaa lake la besi. Malik akasimama. Kiti kikalia.

"Bupe, naomba tuzungumze juu, jikoni," alisema.

"Tuzungumze hapa hapa. Kama maiki imetolewa mbele ya watu, na sababu itolewe mbele ya watu."

Malik alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya sekondari, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo ya Laurel, na Kiswahili alikipata chuo kikuu. Alikisema kwa usafi ambao Jerotich aliuita Kiswahili cha taarifa ya habari. Siku za kawaida usafi huo ulimchekesha Bupe na kumyeyusha. Leo ulimfanya kila alichosema kiwe wazi mno.

Akaeleza. Wiki mbili zilizopita, Jumapili ile Bupe alipokuwa zamu, Malik alikwenda Woodbridge, kwenye kanisa la Watanzania. Hilo Bupe alilijua. Alijua pia kwamba alibeba barua ya posa, kwa kuwa walikubaliana ni wakati. Kila alipouliza habari zake aliambiwa wasubiri wazee. Asichokijua ni kwamba Malik aliikabidhi mwenyewe. Aliingia ibadani amevaa suti, akasubiri kwaya ivue majoho, kisha akamfuata Mzee Silvanus kwenye maegesho ya kanisa na kumkabidhi barua kwa mikono miwili, bila mshenga, bila hata mtu wa kumsindikiza.

Bupe alifumba macho kidogo. Mzee Silvanus alikuwa baba yake mdogo, mdogo wake baba aliyebaki Tukuyu, na ndiye aliyempokea uwanja wa ndege miaka tisa iliyopita na kusimama badala ya mzazi tangu siku hiyo. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya ya Watanzania wa Woodbridge, mtu ambaye hakuruhusu hata kikohozi kiingie kabla ya mdundo wa kwanza. Mtu wa namna hiyo kupelekewa posa na muoaji mwenyewe, katikati ya magari, ni sawa na kupelekewa chakula cha sherehe kwenye sufuria.

"Hakuifungua," Malik aliendelea. "Aliniambia posa huja na mshenga. Kisha akasema jambo jingine. Alisema amesikia kwamba tunaupigia magitaa wimbo wa marehemu shemeji yake, yaani mama yako. Akasema niutoe wimbo huo kwenye albamu, au nikutoe wewe kwenye wimbo, na hapo ataisoma barua."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilikubali."

Kwenye kidirisha kilicho usawa wa majani nje, mvua ya Machi ilikuwa imeanza kunyesha kidogo kidogo.

"Ulikuwa na mpango wa kuniambia lini?"

"Nilisoma," Malik alisema, na sasa sauti yake ilianza kupoteza taarifa ya habari. "Nilisoma vitabu vitatu kabla ya kwenda. Vyote vinasema mazungumzo ya mahari ni ya wazee, na binti hahusishwi mpaka yaishe. Nilidhani hilo ndilo sharti. Nilidhani nikikuambia nitakuwa nimevunja mila, na mzee atasema mimi si mtu wa kuaminika. Nikaona wimbo upigwe bila sauti. Gitaa liimbe mahali pako."

"Mimi nilimwambia," Jerotich akaingilia, bila kuinua kichwa. Alikuwa binti wa Eldoret, rafiki wa Bupe tangu siku walipogombea meza moja maktabani. "Nilimwambia, boss, hii story itakulipukia. Akasema ni custom. Nikamwambia hata kama ni custom, si umuulize mwenye sauti?"

Bupe aliiweka chupa ya chai juu ya spika. Watu wengi wangelia hapo, na sitasema machozi hayakuwa karibu. Lakini Bupe alikuwa mtu anayeshinda siku nzima akiwaambia wazee waliokata tamaa kwamba mguu bado upo, ushushe chini, kanyaga. Ulikuwa ni ujuzi uliomwingia mwilini.

"Malik, nisikilize vizuri," alisema. "Watu hutoa ng'ombe. Wengine hutoa blanketi la bibi na jembe la babu. Wewe umetoa sauti yangu mahari. Umechukua kitu changu, ukaenda kukitoa ili unipate mimi. Sasa hebu niambie, ungempata nani?"

Malik akainamisha kichwa.

"Umesoma vitabu vitatu. Mimi hukunisoma hata ukurasa. Nilikuwa hapa kila wiki, nimesimama mita mbili kutoka kwako."

"Nimekosa," alisema Malik. "Sina namna nyingine ya kulisema. Nimekosa, Bupe."

Alisema hivyo akimtazama, na macho yake yalikuwa yale yale yaliyomfanya Bupe asahau kuingia kwenye ubeti wa pili mara tatu mwezi Desemba. Moyo wa Bupe ulimlainikia, akauambia usubiri kwanza.

"Stendi iko wapi?"

"Chini ya ngazi."

Akaenda chini ya ngazi. Malik akamfuata bila kualikwa, na pale kwenye giza la mabegi na viatu vya theluji mikono yao ilikutana kwenye chuma baridi cha stendi. Hakuna aliyeuondoa wa kwake mara moja. Bupe aliisikia harufu yake, sabuni na mbao za gitaa, na kwa sekunde mbili alikasirika kwamba mtu anaweza kukuudhi kiasi kile na bado akanukia vizuri.

"Usinisaidie kwa uso wa mtu aliyefiwa," alimwambia. "Shika waya, twende."

"Mzee anakuja," Malik alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwalika saa sita. Aje asikilize wimbo bila wewe, ajue nimetimiza."

Bupe aligeuka. Pengine ungetegemea habari hiyo imkatishe tamaa. Kinyume chake ilimnyoosha mgongo.

"Vizuri sana. Basi haturekodi mpaka afike. Utamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba narudisha ahadi."

"Na akikurudishia barua yako haijafunguliwa?"

Malik alichelewa kujibu, na Bupe alimpenda kwa kuchelewa huko, kwa sababu mtu aliyejibu haraka angekuwa hajahesabu hasara.

"Hata akiirudisha," alisema hatimaye. "Nitakupenda bila barua mpaka apatikane mtu wa kuiandika upya. Nakuahidi."

"Usiniahidi mimi. Ahadi zimekuzidi wiki hizi."

Wakarudi kwenye mwanga. Bupe aliisimamisha stendi juu ya msalaba mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, akairefusha, akaikaza skrubu. Jerotich alipiga nyuzi mbili nzito za besi ambazo hazikuwa za wimbo wowote, na Laurean akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mzee Silvanus alifika saa saba kasoro, akilaumu foleni ya barabara ya Beltway kama mtu anayemlaumu jirani mkorofi. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akavua viatu, akashuka ngazi na soksi zake nyeusi, koti lake la suti likiwa limefungwa vifungo vyote. Mkononi alibeba kitabu cha nyimbo za kanisa, na kati ya kurasa zake ilichungulia bahasha nyeupe. Bupe aliitambua kwa mwandiko wa Malik.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu." Macho yake yalitoka kwake yakaenda kwenye maikrofoni, yakarudi. "Nilielezwa leo hutakuwepo kwenye wimbo."

Bupe alimtazama Malik, akamwachia nafasi, na nafasi ile ilikuwa kubwa kuliko chumba.

Malik aliweka gitaa chini. Akasimama mbele ya mzee mikono ikiwa mbele, kama alivyofundishwa.

"Mzee, wiki mbili zilizopita nilikuahidi kitu. Kitu hicho hakikuwa changu. Sauti ni ya Bupe, na wimbo ni wa mama yake, mimi nilikaribishwa tu. Kwa hiyo ahadi naiondoa mbele yako. Kosa la kuja bila mshenga ni langu, na kosa la kukubali ni langu zaidi. Kama barua inarudi pamoja na ahadi, nitaipokea."

Mzee Silvanus akachukua kasha la gitaa lililokuwa ukutani, akalilaza, akaketi juu yake bila kuambiwa karibu. Aliketi kama mtu aliyetembea kutoka Woodbridge kwa miguu.

"Mnadhani nakataa magitaa," alisema. "Sikatai magitaa. Hata kanisani kwetu yapo, na vijana wanayapiga vibaya nikivumilia. Bupe, unajua nani alikuwa aongoze wimbo huu siku tulipomzika mama yako?"

Bupe alikuwa na miaka kumi na minne siku hiyo. Alikumbuka matope na miamvuli, na mikono ya watu wengi kichwani pake. Nyimbo hakuzikumbuka. Alitikisa kichwa.

"Mimi. Kaka yangu aliniomba, akasema marehemu aliupenda, uimbe kidogo tu kabla ya udongo. Mimi mwalimu wa kwaya. Nikasimama mbele ya kaburi, nikanyanyua mkono, watu wote wakanitazama wakingoja sauti. Haikutoka. Nikashusha mkono, mchungaji akaanzisha wimbo mwingine." Alikifunga kitabu chake juu ya bahasha. "Tangu siku hiyo sijausikia, wala sikutaka kuusikia. Niliposikia unauimba huku, nikajisemea, mtoto huyu ataenda kufanya mbele ya wageni kile nilichoshindwa mbele ya wenyewe. Nikaona aibu. Nikaifanya aibu yangu iwe sharti."

Mvua nje ilikuwa imeongezeka, na kidirisha kilikuwa na mistari ya maji.

Bupe alipiga magoti mbele ya kasha. Alimshika mzee mikono, ile mikono iliyomfundisha do na re kwa kumpiga kidole begani.

"Baba mdogo, mama aliuimbaje? Mimi nakumbuka nusu. Hapa kwenye neno 'mzito', alikuwa anasimama moja kwa moja, au alikuwa anashuka nayo?"

Mzee alikunja uso. Ulikuwa uso wa mwalimu aliyeulizwa swali la kazi yake, na uso huo haujui huzuni.

"Alikuwa anaburuza," alisema. "Mama yako alikuwa na tabia mbaya ya kuburuza sauti. Hafiki kwenye noti, anaitafuta kwanza kwa chini, halafu anaipanda polepole. Nilimkemea miaka mitano kwenye kwaya. Nikimwambia, shemeji, noti ni mlango, ingia au usiingie. Anacheka. Jumapili anaburuza tena."

Malik aliketi chini taratibu, na kiti kikalia. Kwa miezi minne alikuwa akimwomba Bupe jambo hilo hilo, aiache sauti iteleze, asiingie kwenye noti kama mtu anayepanga viti vya kanisa. Bupe alijaribu na kujaribu, na kila mara malezi ya baba mdogo yalimkamata shingoni. Wote wanne walikuwa wakimtafuta mama yake bila kujua, naye alikuwa tayari ndani ya wimbo.

"Basi naomba ruhusa yako niburuze," Bupe alisema.

"Miaka yote hiyo ya kukufundisha," alisema mzee. Kisha akautazama msalaba mwekundu sakafuni. "Haya. Simama mahali pako."

Malik alieleza, kwa kifupi, kwamba kanda ni moja na nafasi ni moja, na kwamba yatakayoingia ndiyo yatakayobaki. Mzee Silvanus akasema hivyo ndivyo ibada zote zinavyokwenda. Jerotich akacheka puani. Malik akabonyeza kitufe, akatembea hatua zake nne, akaketi, na kiti kikalia kama kawaida.

Gitaa likaanza peke yake, chini chini, likiuma na kuachia. Besi ikaingia. Laurean hakutumia fimbo, alipapasa dramu kwa viganja. Bupe aliangalia ng'ambo ya duara, akayakuta macho ya Malik yakimngoja pale pale yalipokuwa siku zote. Hakukuwa na maombi ndani yake wala hofu. Yalikuwa yanasema ingia unapotaka, mimi nipo. Akaingia.

*Kikapu changu chepesi, moyo wangu ndio mzito.*

Hakuifikia noti. Aliitafuta kwa chini kwanza, akaipanda polepole, na alipofika juu alihisi mtu mwingine amefika pamoja naye. Akaurudia mstari, mara hii gitaa likamjibu kwa kuteleza kule kule, likimfuata hatua moja nyuma kama mtu anayemsindikiza mwenzake na taa.

*Jua likichelewa leo, kesho nitalidai.*

Kwenye ubeti wa pili Jerotich na Laurean walifungua mlango wote, na wimbo wa kuchumia chai ukawa roki nzito iliyotetemesha vikombe vya jikoni juu ya vichwa vyao. Bupe aliimba bila kujizuia. Alimwimbia Malik hasira ya asubuhi na alimwimbia pia ile harufu ya chini ya ngazi, na Malik alivipokea vyote viwili bila kukwepa. Kama kuna mtu aliyewahi kuambiwa anapendwa na kukaripiwa kwa noti moja, ni yeye.

Ubeti wa tatu ulipofika walishusha tena, kama walivyopanga. Na hapo ndipo likatokea lile ambalo hawakulipanga. Kutoka kwenye kasha la gitaa, mbali na maikrofoni zote, ilipanda sauti ya nne, ile nzito ya chini ya kwaya, ya mwanamume mzee, kavu mwanzoni, ikikwaruza, kisha ikatulia chini ya sauti ya Bupe na kuibeba. Mzee Silvanus alikuwa amesimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, na kiganja kilikuwa kikihesabu mdundo. Macho aliyafumba. Aliimba mstari ule mara mbili na wa kujibu mara moja, na kwenye neno la mwisho, mbele ya watu na mbele ya kanda isiyofutwa, mwalimu wa kwaya wa Woodbridge akaburuza.

Malik aliacha uzi wa mwisho ulie mpaka ukaisha wenyewe. Kanda ikazunguka kidogo ikinasa mvua, halafu ikatoka kwenye gurudumu na kupiga tap, tap, tap. Hakuna aliyekwenda kuizima.

Siku hizi watu wanaoipenda albamu ile hubishana kuhusu sauti hiyo ya mbali. Wako wanaosema ni mwangwi, wako wanaosema ilinaswa kimakosa. Waliokuwa chumbani wanajua ni sauti iliyochelewa miaka kumi na saba kutoka.

Mzee alijifuta uso kwa leso, akavaa upya heshima yake kama koti. Akamwambia Laurean kwamba kwenye ubeti wa pili alikimbia. Laurean akakubali. Akamwambia Jerotich kwamba kwaya yake haina mpiga besi wa maana, na Jerotich akasema atafikiria kama kuna chai. Kisha akakifungua kitabu cha nyimbo, akaitoa bahasha nyeupe, akaigeuza geuza. Bupe alijikuta ameshika stendi kwa nguvu.

"Barua hii siwezi kuisoma," alisema. Akaacha kidogo, maana alikuwa mtu anayejua thamani ya pumziko. "Haijaletwa. Barua ya posa huletwa na mshenga. Mshenga wako ni nani?"

Malik alitazama huku na huku. Laurean, ambaye alikuwa anaweka sahani ya dramu kwenye mfuko, alikuta macho yote yako kwake.

"Mimi?" aliuliza.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bukoba, mzee."

"Watu wa Bukoba hawaishiwi maneno. Utajua kuzungumza," alisema Mzee Silvanus, akampa bahasha. "Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwangu, si kwenye maegesho. Na mwenye barua abaki Laurel na gitaa lake." Alimgeukia Bupe, na hapo sauti yake ikashuka. "Nitaisoma. Lakini jibu si langu. Nimeshafanya kosa la kujibu kwa niaba yako, halinifai mara mbili."

Jerotich na Laurean walimsindikiza mzee juu, wakizungumzia viatu vyake na mvua. Sauti zao zikapotelea jikoni. Chini wakabaki wawili, na mashine, na chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Malik alibaki amekaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zaidi ya alichostahili na ambaye ana akili ya kulijua hilo.

"Siulizi jibu," alisema. "Jumapili itafika. Nauliza tu kama nimesamehewa."

Bupe alilizunguka duara, akamwashiria ainuke, na Malik akainuka. Akakishika kile kiti cha mbao kwa mgongo wake, akakiburuta kukatiza zulia zima, kikilia njia nzima kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Alikisimamisha kando ya msalaba mwekundu, karibu kiasi kwamba mtu akiketi pale bega lake lingegusa nguo ya aliyesimama. Akachukua utepe juu ya spika, akakata vipande viwili kwa meno, akapiga magoti na gauni lake la zambarau na kubandika msalaba wa pili chini ya miguu ya kiti.

"Albamu ijayo," alisema, akijipangusa magoti, "utakaa hapa. Nikikosea nikusikie, na ukikosea nikufikie."